Shahidi wa Haji Wario

Barwako alikuwa amejiapiza kwamba akifika hatamtazama usoni. Angesema lililomleta, ajifunike buibui lake vizuri na kwenda zake. Lakini macho yake hayakuwa na adabu hata kidogo. Ubeid alipoinama kupita chini ya madira yaliyotundikwa kwenye kamba, macho hayo yalikwisha kumfikia. Yaliona ndevu ambazo hazijanyolewa, shati lililokunjwa mikono, na uchovu wa mtu ambaye hajalala vizuri wiki nzima. Moyo ukamwambia amwonee huruma. Akaukumbusha moyo wake kwamba amekuja kugombana.

Walikuwa katika chumba cha nyuma cha duka la Bishara, pale sokoni Garsen, mahali wanawake hujipimia nguo. Bishara, rafiki yake tangu utotoni, alikuwa amekaa mlangoni na cherehani yake, mgongo kawapa wao, uso kaupa soko. Hiyo ndiyo iliyokuwa stara ya mkutano wenyewe. Binti aliyeposwa hakai faragha na mchumba wake, na binti wa Haji Wario ndiyo kabisa.

"Semeni mnayosema," Bishara alisema bila kugeuka. "Mimi cherehani hii ikizunguka sisikii hata adhana."

Cherehani haikuwa inazunguka.

"Jitoe, Ubeid," Barwako akaanza, sauti ya chini. "Kesho asubuhi mwambie hakimu unaumwa. Mwambie umefiwa. Mwambie lolote."

"Na Nzai atatetewa na nani?"

"Malindi hakuna mawakili?"

"Wapo. Mmoja alisema barabara imeharibika na mafuriko. Mwingine alimsikia mdai ni nani, akasema yeye hununua ng'ombe wa sikukuu kwa mzee huyo huyo." Ubeid alijipapasa ndevu. "Nimebaki mimi."

Mkasa wenyewe kila mtu Garsen alikuwa akiujua, na kila mtu aliueleza alivyotaka. Mvua za Elnino zilipokatika na mto ukaanza kurudi kwenye kingo zake, homa iliingia katika mifugo. Ng'ombe walikufa kwenye matope, mbuzi wakatupa mimba, na watu nao wakaanza kulazwa. Ndipo Nzai, daktari wa mifugo wa serikali, Mgiriama mpole ambaye hata mbwa wa soko walimzoea, aliposimama barazani mbele ya chifu na umati mzima. Akasema nyama iliyouzwa buchani juma lile, ambayo aliikagua akaikuta imejaa damu, ilikuwa ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe, na ng'ombe huyo alitoka boma la Haji Wario. Akawaambia watu wasiile, wenye nayo waifukie. Hakunong'ona wala hakuzungukazunguka. Alitaja jina.

Kibudu! Mfanyabiashara wa mifugo akiambiwa ng'ombe wake wanaumwa, hiyo ni hasara, na hasara hupita. Lakini Mwislamu aliyekwenda Makka akiambiwa amewalisha watu kibudu, huko ni kuvuliwa nguo sokoni. Haji Wario hakupiga kelele. Alikwenda Malindi, akashika wakili, akafungua kesi ya kuchafuliwa jina. Akishinda, Nzai angefutwa kazi, na hakuna boma lingemfungulia lango tena. Wakubwa wake walikuwa wamemwambia waziwazi kwamba mdomo ulikuwa wake, basi na utetezi uwe wake.

Wakili pekee mwenye afisi Garsen alikuwa Ubeid, Mpokomo wa vijiji vya juu ya Hola, ambaye posa yake kwa Barwako ilipokewa kabla mvua hazijaanza. Alipoletewa kesi, alituma mtu kwa Haji Wario kuomba ruhusa. Jibu lilirudi siku ile ile. Mwacheni afanye kazi yake, Haji alisema. Mimi nina kweli, nitamwogopa nani?

Jibu hilo ndilo lililokuwa likimtafuna Barwako.

"Utamtaja Aba jina mbele ya watu," alimwambia Ubeid sasa. Aba ndivyo alivyomwita baba yake. "Umelifikiria hilo?"

"Sitamtaja."

"Utamhojije mtu usiyemtaja?"

"Nitajua nikifika."

Kwa Waorma, watu wa kina Barwako, mkwe ni mtu wa kuchungwa. Kijana aliyeposa hamtaji baba wa mchumba wake kwa jina, hamkazii macho, na akimwona anakuja humpisha njia. Ubeid hakuzaliwa na desturi hiyo, lakini aliishika kwa moyo wote, kiasi kwamba hata Shangazi Darmi, aliyeapa kwamba mtu wa mashamba ya mto hataingia katika ukoo wa watu wa ng'ombe, alikosa pa kumshikia. Na Shangazi Darmi si mtu wa kukosa pa kushika.

"Haya, tuseme umeshindwa," Barwako akaendelea.

"Nikishindwa, Nzai atarudi kwao bila kazi, nami nitaoa kwa mzee aliyenishinda. Aibu hiyo naiweza."

"Na ukishinda?"

Ubeid alivuta pindo la dira moja lililoning'inia, akalikunja, akalikunjua.

"Ukishinda," Barwako akamjibia, "babangu ni mwongo wa Garsen nzima. Utakuja kula walima wetu kwa uso gani?"

"Babako si mwongo, Barwako. Hapo ndipo kichwa kinaponiuma. Nzai nimemhoji mpaka amenichoka, na hasemi uongo. Babako tangu nimjue hajawahi kupunguza wala kuongeza neno. Sasa watu wawili wanasema kweli, na kweli zao hazikai nyumba moja." Akaliachia pindo la dira. "Basi kuna mtu wa tatu katikati."

Barwako aliutupia macho mgongo wa Bishara.

Maana mtu huyo wa tatu alikuwako. Siku ile baba yake alikuwa Malindi kutafuta dawa ya chanjo, na boma lilikuwa mikononi mwa Abdinur, ndugu yake, mtoto wa kiume pekee. Ng'ombe mwekundu alikuwa mgonjwa tangu asubuhi. Kila mchungaji anajua la kufanya hapo: unakaa na kisu karibu, na ukiona roho inataka kutoka unamwahi, nyama iwe halali. Abdinur hakukaa. Alikwenda mjini kutafuna miraa na wenzake. Aliporudi, ng'ombe alikuwa amekwisha kukakamaa. Barwako, mwenye kibuyu cha maziwa mkononi, alimwona ndugu yake akichungulia huku na huku, akipiga magoti, akisoma bismillahi kwa sauti ya kilio, na kupitisha kisu kwenye shingo ya mnyama mfu. Alipogeuka na kumwona dada yake, alimwangukia miguuni. Usimwambie Aba, ataniua. Naye akaapa hatamwambia. Baadaye Abdinur akamwita mwenye bucha.

Aliapa kabla hajajua kwamba nyama itafika sokoni, Nzai atasema, na Aba atakwenda mahakamani. Siku zilivyopita, kiapo kile kikawa kizito mno.

"Ubeid," alisema, na machozi yalikwisha kumlenga. "Ubeid, siku ile mimi..."

"Ngoja." Ubeid aliinua mkono. Alikuwa amebadilika rangi. "Ngoja kwanza, kabla hujaendelea. Ukiniambia mimi, umemwambia wakili wa Nzai. Kesho nitalazimika kukuita kizimbani useme mbele ya babako. Nimekula kiapo cha kazi hii, sitaweza kujifanya sikusikia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo usiniambie."

Barwako alimkodolea macho. Hakuamini masikio yake. "Unataka kushinda au hutaki?"

"Nakutaka wewe," Ubeid akasema, wazi, bila kupepesa.

Ghafla cherehani ya Bishara ikaanza kuzunguka kwa kasi ya ajabu, nayo haikuwa na kitambaa chochote chini ya sindano.

Siku nyingine maneno hayo yangemfanya Barwako akose usingizi kwa furaha. Leo yalimchoma. "Mimi nimekuja mzigo umeniinamisha mgongo," alisema, akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio, "nawe unaniambia niubebe vizuri nisikuangukie."

"Si hivyo, mpenzi."

"Ni hivyo hivyo."

Akajifunika buibui lake na kutoka, akampita Bishara bila kuaga. Nyuma yake alisikia jina lake likiitwa mara moja, kwa sauti ndogo. Hakugeuka, ingawa kila hatua ilimgharimu.

*

Nyumbani, kabla ya magharibi, Abdinur alimvizia kando ya pipa la maji. Alikuwa amekonda.

"Dada, uliniapia."

"Kesho wa kuapishwa ni wewe, si mimi," Barwako alimwambia. "Utashika msahafu, Abdinur. Utasema nini?"

"Nitasema nilichinja. Si nilichinja?"

"Mwambie Aba leo. Bado kuna leo. Atakuchapa, atapiga kelele, kisha kesho atakwenda kuifuta kesi na mambo yaishe."

Abdinur aliangalia chini. Alikuwa kijana mzuri wa sura, aliyedekezwa na kila mtu, Barwako akiwa wa kwanza. "Nitamwambia," alisema. "Baada ya chakula."

Baada ya chakula hakumwambia. Haji Wario alikaa kwenye mkeka wake, kikombe cha chai ya maziwa mkononi, uso umetulia kwa mara ya kwanza tangu siku ya baraza. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye ndevu alizozipaka hina, na hakuwa na desturi ya kusema na binti yake mambo ya wanaume. Lakini jioni ile alimwita karibu.

"Huyo kijana wako," alisema kwa Kiorma, "kesho ataniuliza maswali."

"Ndiyo, Aba."

"Akiniuliza kwa woga, nitajua umechagua vibaya. Akiniuliza kwa ufidhuli, pia. Nataka nione kama yuko katikati." Akanywa chai. "Nadhani yuko katikati. Usimwambie shangazi yako."

Barwako alicheka, na kicheko kikageuka kuwa kilio ambacho ilibidi akakimalizie jikoni. Shangazi Darmi akamwambia moshi wa kuni mbichi ndivyo ulivyo.

Asubuhi, kitanda cha Abdinur kilikuwa kitupu. Mwenye hoteli ya kituoni alisema amemwona akipanda basi la Lamu.

*

Hakimu alikuwa akija Garsen kusikiliza kesi kwa zamu, na siku hiyo mahakama ilikaa katika ukumbi wa mikutano wenye madirisha yasiyo na vioo. Wanaume waliujaza ukumbi. Wanawake walikaa nje barazani, kila mmoja akijifanya kuna jambo jingine lililomleta, na Barwako akasimama kwenye dirisha la pembeni pamoja na Bishara. Aliweza kumwona Nzai, aliyevaa koti lililompwaya, mikono kaibana katikati ya magoti. Na aliweza kumwona baba yake kizimbani, ameshika msahafu, akiapa. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

"Ng'ombe yangu hakuna imetoka boma bila kisu," Haji Wario alisema kwa Kiswahili chake. "Toka baba yangu, toka babu yangu. Hii maneno ya daktari imeniua nikiwa natembea."

Ikafika zamu ya Ubeid. Alisimama akiwa amefunga vifungo vyote vya koti jeusi, akatazama ubao wa sakafu uliokuwa mbele ya viatu vyake.

"Mzee wangu aliyeleta kesi hii," alianza, "siku ng'ombe mwekundu alipochinjwa, mzee alikuwa wapi?"

Watu wakanong'ona. Hakimu akavua miwani. "Wakili, unahoji sakafu? Mtazame shahidi. Na jina lake limeandikwa hapo mbele yako."

Mtu mmoja akacheka kwa sauti. Masikio ya Ubeid yaliwaka, lakini hakuinua macho. Kule dirishani Barwako alishika mkono wa Bishara mpaka Bishara akaguna.

Aliyemwokoa ni Haji mwenyewe. "Mheshimiwa, mwache," alisema. "Hii ndiyo heshima yetu. Huyu ameposa kwangu. Hata akiangalia chini, mimi namsikia."

Hakimu aliwaangalia wote wawili, akarudisha miwani. "Endelea."

Ubeid akaendelea, polepole, kwa adabu, bila kulegeza hata swali moja. Barwako alijua kwamba baba yake anamsikiliza kwa hamu ya mtu anayekagua fahali. Mzee alikuwa Malindi siku ile? Ndiyo. Basi hakuona kwa macho yake? Hakuona. Aliambiwa na nani? Na mtoto wake, Abdinur.

"Na mtoto huyo, mzee wangu, yuko hapa leo aseme mwenyewe?"

Haji Wario alitazama mlango wa ukumbi. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Amesafiri," alisema.

Minong'ono ikapanda. Nzai akainua kichwa. Barwako aliona mabega ya wakili wa baba yake yakishuka, akahisi tumaini la ajabu, kwamba labda itaishia hapa, kesi itakufa yenyewe kwa kukosa shahidi na hakuna atakayelazimika kusema neno.

Kisha baba yake akanyoosha kidole kuelekea dirishani.

"Lakini binti yangu alikuwa boma siku ile. Barwako. Muiteni. Huyo toka azaliwe hajaniambia uongo hata siku moja."

Hakimu alipomuuliza Ubeid kama ana pingamizi, Ubeid akatikisa kichwa.

Barwako hakukumbuka baadaye alivyofika kizimbani. Alikumbuka msahafu mkononi na harufu ya jasho la watu wengi. Wakili wa Malindi alimjia na tabasamu.

"Binti, siku hiyo ulikuwa bomani?"

"Nilikuwa."

"Ulimwona ndugu yako Abdinur akimchinja ng'ombe mwekundu?"

"Nilimwona na kisu."

"Akapiga bismillahi?"

"Alipiga."

"Ahsante. Nimemaliza, Mheshimiwa."

Hakuwa amesema uongo. Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo mkubwa kuliko wowote aliouona. Baba yake, aliyekwisha kurudi kwenye benchi la mbele, alikuwa amekaa wima, na usoni mwake kulikuwa na fahari ambayo Barwako alitamani asingeiona.

"Wakili wa mdaiwa?" hakimu akaita.

Ubeid alisimama. Na kwa mara ya kwanza tangu aingie ukumbini aliinua macho, akamtazama mtu. Alimtazama Barwako. Lilikuwa limebaki swali moja tu, fupi, ambalo hata mtoto angeliuliza. Nzai alikuwa ameshamvuta koti, na mnong'ono wake ulisikika mpaka nyuma. "Muulize kama alikuwa hai. Wakili, muulize tu kama alikuwa hai!"

Macho yao yaliganda pale. Barwako aliona kwamba Ubeid anajua. Labda alijua tangu jana dukani, tangu alipoinua mkono wake. Akaona midomo yake ikianza kuumba neno. Akajiandaa. Naam, mpenzi, niulize. Niulize yaishe.

"Sina swali kwa shahidi huyu, Mheshimiwa," Ubeid akasema, na kuketi.

Nzai alifunika uso wake kwa viganja vyote viwili.

"Shahidi, unaweza kushuka," hakimu akasema, akiandika.

Barwako hakushuka. Alimwangalia yule mtu mpole mwenye koti la kupwaya, ambaye alisema kweli ili watu wasife, na sasa alikuwa anapoteza kila kitu kwa sababu watu wawili wanapendana. Alimwangalia Ubeid, kichwa ameinamisha, ambaye kwa ajili yake amekanyaga kiapo alichokuwa akikionea fahari. Alimpenda kwa hilo, na papo hapo alimchukia.

"Mheshimiwa, kuna jambo."

"Hujaulizwa jambo, binti."

"Najua sijaulizwa." Sauti yake ilitoka kavu. "Ng'ombe yule alikuwa amekufa. Abdinur alipofika alimkuta amekwisha kukakamaa. Alipitisha kisu, na damu haikutoka. Mimi nilikuwa karibu hivi. Daktari alisema kweli. Aba naye alisema alivyoambiwa, hakujua kitu. Aliyejua ni mimi."

Ukumbi ulilipuka. Hakimu aligonga meza, wakili wa Malindi akasimama kupinga, na katikati ya kelele zote hizo Haji Wario aliinuka taratibu, akishika mgongo wa benchi. Watu walipomwona amesimama wakanyamaza wenyewe.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi nimeshika msahafu leo, nikasema neno ambayo si kweli. Mungu anajua sikujua. Hii kesi sina tena."

Wakili wake alimnong'oneza kitu. Hakumsikiliza. Alivuka ukumbi mpaka alipokaa Nzai, akamnyooshea mkono. "Daktari, nisamehe." Nzai alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka, akaupokea mkono huo kwa mikono yake miwili, akilia waziwazi.

Haji Wario akatoka nje bila kumtazama binti yake.

*

Barwako alimkuta baba yake kando ya gari lake, chini ya jua la saa sita, akitafuta ufunguo katika mfuko ambao kila mara aliutia mkono na kuutoa mtupu. Shangazi Darmi na wanawake wengine walisimama mbali. Hakuna aliyethubutu kusogea.

"Aba."

Hakugeuka. Alipoongea aliongea kwa Kiorma, kwa upole, na upole huo ndio uliomkata maini.

"Tangu mvua hadi leo, Barwako, nimekuwa nikilala nyumba moja na wewe. Nikila chakula chako. Kila jioni nilikuwa pale kwenye mkeka. Ungeniambia nyumbani."

"Nilimwapia Abdinur."

"Abdinur ni mjinga, na mjinga nimemzaa mwenyewe. Yeye ningemweza." Akaupata ufunguo. "Wewe ndiye niliyemtaja mbele ya watu."

Akaingia garini, akawasha, na kukaa pale pale, uso ameuelekeza upande wa mto.

Ubeid alimfikia Barwako akiwa bado amesimama mahali alipoachwa. Alikuwa amevua koti jeusi, amelishika mkononi. Soko zima lilikuwa linawaona na hakuna kati yao wawili aliyejali.

"Nilikaa chini kwa ajili yako," alisema.

"Najua."

"Nzai ananitazama kama adui, na ana haki. Sijui kama nitastahili tena kusimama mbele ya hakimu. Lakini nisingeweza, Barwako. Kukuvunja wewe mbele ya babako, kwa kinywa changu mimi? Nisingeweza."

Barwako alimtazama. Uso huu aliupenda tangu siku ya kwanza alipouona kwenye foleni ya posta, na aliupenda hata sasa, ndevu zake zisizonyolewa na yote. Alitamani kumshika. Badala yake aliikunja mikono yake ndani ya buibui.

"Ungeniuliza," alisema polepole, "ningejibu kwa sababu nimeulizwa. Ningemwendea Aba nikamwambia, wakili alinibana, msahafu ulinibana, mimi ningefanya nini? Angekasirika siku mbili, kisha angenisamehe, maana mtu aliyebanwa husamehewa. Wewe hukunibana. Ulikaa ukaniachia mlango wazi nitoke mwenyewe. Aba ameona kwamba binti yake alisimama akamvua nguo mbele ya watu, na hakuna aliyemlazimisha."

Ubeid alihamishia koti jeusi mkono wa pili.

"Nilidhani ni mapenzi," alisema.

"Yalikuwa mapenzi." Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. "Ungeniuliza tu, Ubeid. Ningekuwa bado nina baba."

Akamwacha pale, akaenda kufungua mlango wa gari la baba yake.